Vituo vya Kujifunzia Vyuoni: Kwa Nini Magurudumu Peke Yake Hayabadilishi Ukumbi

Kituo cha kujifunzia cha chuo kikuu hudaiwa mambo yanayogombana. Asubuhi kinatakiwa kiwe darasa la wanafunzi mia moja, mchana kiwe mahali pa makundi madogo ya diskasheni, jioni kiwe chumba cha kusomea kwa utulivu, na mwisho wa muhula kigeuke ukumbi wa mitihani ambamo kila meza imetengwa na mwenzake. Kwa kuwa ni vyuo vichache vyenye fedha za kujenga vyumba vinne kwa ajili ya kazi nne, jibu linalokimbiliwa na wengi ni chumba kimoja kinachobadilika, chenye meza za magurudumu, viti vya kupandanisha, ukuta wa kukunja katikati na mbao nyeupe za kusukuma. Baada ya miaka michache mtu akiingia humo, si ajabu akute meza zimepangwa safu kama darasa lolote lile, ukuta wa kukunja umekwama, na wanafunzi wamesongamana pembezoni kwenye soketi chache za ukutani.

Hali hiyo haitokani na uvivu wa wahadhiri wala ubishi wa wanafunzi. Unyumbufu wa ukumbi huamuliwa kwa kiasi kikubwa na vitu ambavyo haviwezi kuhama, yaani sakafu, nguzo, dari, madirisha, milango na njia za nyaya, na vitu hivyo huamuliwa mapema mno, wakati samani bado ni mstari mmoja tu katika makadirio ya gharama.

Msanifu majengo wa Uingereza Frank Duffy aliwahi kulitenga jengo katika matabaka kwa kufuata umri wa kila tabaka, na mgawanyo wake bado ndio unaosaidia zaidi katika mjadala huu. Kwanza kuna gamba la jengo, ambalo hudumu miaka hamsini au zaidi. Ndani yake kuna huduma, yaani mabomba, nyaya, viyoyozi na lifti, ambazo huchoka baada ya takriban miaka kumi na mitano. Kisha kuna vigawanyo vyepesi na madari, vinavyobadilishwa kila baada ya miaka mitano hadi saba, na mwisho samani, ambazo zinaweza kuhamishwa kila siku. Mwaka 1994 mwandishi Mmarekani Stewart Brand aliupanua mgawanyo huo hadi kufikia matabaka sita. Ugomvi hutokea pale tabaka la maisha mafupi linapofungwa ndani ya tabaka la maisha marefu. Nyaya zikifukiwa ndani ya zege, kila badiliko la mpangilio wa meza litahitaji nyundo na patasi.

Tuanze na sakafu, kwa sababu ndiyo inayosahaulika zaidi. Viwango vya mizigo ya majengo vya Marekani hutaka sakafu ya darasa isanifiwe kwa takriban kilo 195 kwa kila mita ya mraba, chumba cha kusomea cha maktaba kilo 290, na eneo la rafu za vitabu kilo 730. Maana yake ni kwamba badiliko linakubalika kwa upande mmoja tu. Eneo lililojengwa kwa ajili ya rafu linaweza kugeuzwa kuwa la meza wakati wowote, lakini eneo lililojengwa kama darasa haliwezi kupokea rafu zilizojaa vitabu bila sakafu kuimarishwa. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018 baada ya kujengwa kwa msaada wa China, ilitangazwa kuwa na uwezo wa kupokea watu 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Hakuna awezaye kusema leo uwiano wa namba hizo mbili utakuwaje baada ya miaka thelathini, machapisho ya kidijitali yanavyozidi kuongezeka. Ghorofa iliyojengewa uzito wa rafu kila mahali humwachia mkutubi uamuzi huo. Ghorofa iliyojengewa uzito huo kwenye kona moja tu imekwisha kuamua kwa niaba yake, na sijui kama aliulizwa.

Jambo la pili ni sauti, na hapa inafaa kwenda polepole, maana ndipo kumbi nyingi zinazobadilika zinaposhindwa. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwomba mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, autibu ukumbi wa mihadhara wa jumba la makumbusho la Fogg, ambamo neno moja liliendelea kuvuma kwa takriban sekunde tano na nusu, hata maneno yaliyofuata yakaparamiana nalo. Sabine alifanya kazi usiku, mji ukiwa umetulia, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders, akiipanga humo kidogo kidogo na kupima muda wa mvumo kila alipoongeza. Kutokana na vipimo hivyo alipata kanuni inayotumika hadi leo: muda wa mvumo kwa sekunde ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, mara 0.161, gawanya kwa jumla ya eneo linalofyonza sauti, yaani kila eneo likizidishwa kwa sehemu ya sauti linayoifyonza.

Tuichukue kanuni hiyo tuingie nayo kwenye ukumbi wa kawaida wenye urefu wa mita 15, upana wa mita 10 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 450. Sakafu, dari na kuta zina jumla ya mita za mraba 450 pia, na tuseme zote ni vigae, plasta na vioo, vitu ambavyo hufyonza karibu asilimia tatu tu ya sauti inayovigonga. Ukipiga hesabu, muda wa mvumo ni sekunde 5.4, yaani umejenga upya ukumbi uleule uliompa Sabine kazi. Wakiingia watu arobaini, ambao kila mmoja hufyonza takriban sawa na nusu mita ya mraba au pungufu kidogo, mvumo hushuka hadi karibu sekunde mbili na nusu. Hapo mhadhiri mmoja anayesema taratibu ataeleweka kwa shida, lakini makundi manane yakizungumza kwa pamoja hakuna atakayemsikia mwenzake, kila kundi litapaza sauti kulishinda jirani, na kelele zitapanda zenyewe. Sasa, watu haohao wakiwa ndani, badilisha dari peke yake, weka mbao za kufyonza sauti zinazomeza asilimia sabini, na mvumo unaanguka hadi chini ya sekunde 0.6. Viwango vya Marekani vya madarasa ya shule, kwa chumba cha ujazo kama huu, hutaka usizidi sekunde 0.7. Kwa maneno mengine, uwezo wa ukumbi huo kugeuka kutoka mhadhara kwenda kazi za makundi uko kwenye dari, na fedha zilizotumika kununua meza za magurudumu kabla ya kulirekebisha dari zimetangulia zamu yake.

Ukuta wa kukunja nao una hesabu yake. Katika orodha za wauzaji utakuta ukuta unaotangazwa kupunguza sauti kwa desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kipimo hicho huwa cha kweli, ila kimechukuliwa maabara. Ukuta wa upana wa mita 10 na kimo cha mita 3 una eneo la mita za mraba 30. Ukibakiza upenyo wa sentimita moja chini yake kwa urefu wote, upenyo huo ni theluthi moja ya asilimia moja ya eneo zima, lakini unatosha kushusha uwezo wa ukuta hadi karibu desibeli 25, hata kama paneli zenyewe zingekuwa za zege. Mazungumzo ya kawaida ya desibeli 60 yatavuka yakiwa na 35, na mwanafunzi wa upande wa pili atayafuata karibu neno kwa neno. Upenyo mwingine mbaya zaidi hauonekani: ukuta ukiishia kwenye dari la kuning'inia badala ya kuendelea hadi chini ya zege la ghorofa ya juu, sauti hupanda, hupita kwenye uwazi ulio juu ya dari na kushuka upande wa pili. Kwa hiyo, mahali pa ukuta wa kukunja ni lazima pajulikane wakati mhandisi anachora boriti. Paneli za aina hiyo huwa na uzito wa kati ya kilo 40 na 60 kwa mita ya mraba, hivyo ukuta wetu unaning'iniza takriban tani moja na nusu kwenye reli, na boriti ikipinda kwa milimita chache tu mipira ya kuzibia itaachia au paneli zitakwama. Ukuta uliokwama wakati umefungwa ni hasara ndogo. Uliokwama ukiwa nusu wazi umelipokonya jengo vyumba viwili kwa mpigo.

Kwetu pwani kuna sababu ya ziada ya kuchagua kwa uangalifu mahali pa kugawia. Ukumbi unaopoa kwa upepo unahitaji madirisha pande mbili zinazotazamana, upepo uingie huku na kutokea kule. Ukiugawa kwa ukuta unaokata njia ya upepo, nusu ya joshini, upepo unakotokea, itaendelea kupumua na nusu ya demani, upepo unakoelekea, itageuka tanuri ifikapo saa nane mchana, na mtu wa kwanza kuonewa joto ataufungua ukuta hata kama jirani anafanya mtihani. Kigawanyo kinatakiwa kilale sambamba na upepo, kianzie kwenye ukuta mmoja wenye madirisha na kuishia kwenye ukuta wa pili wenye madirisha, ili kila nusu ibaki na pande zake mbili. Katika ukumbi wetu wa mita 15 kwa 10, iwapo pande ndefu zinatazama kaskazini na kusini, kigawanyo cha mita 10 kinachovuka upana kinatimiza sharti hilo wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Hata hivyo, madirisha yaliyo wazi hurudisha tatizo la sauti kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa maneno hutokea dirisha la chumba hiki na kuingilia dirisha la pili yake. Ubavu wa ukuta unaochomoza nje kati ya madirisha hayo mawili husaidia kiasi, lakini mwisho wake chuo hulazimika kuchagua kati ya upepo na usiri wa sauti, au kulipia viyoyozi. Ni afadhali uchaguzi huo ufanywe wazi kwenye meza ya wasanifu kuliko kuachiwa mlinzi wa jengo.

Kugawa chumba kunagawa pia kila kitu kilichomo. Kila nusu inahitaji swichi zake za taa, udhibiti wake wa feni au kiyoyozi, kifaa chake cha kutambua moshi na mlango wake wa kutokea bila kupita kwa jirani. Kanuni nyingi za ujenzi za Marekani hutaka darasa linalozidi watu 49 liwe na njia mbili za kutokea. Ukumbi wenye milango miwili, yote ikiwa upande mmoja, hutii sharti hilo ukiwa mzima na hulivunja ukigawanywa.

Kuhusu umeme, wengi hudhani tatizo ni wingi wake. Kompyuta mpakato 60 zenye chaja za wati 65, zote zikivuta kwa nguvu zake zote, zinafika wati 3,900, mzigo mdogo kuliko wa majiko mawili ya umeme. Tatizo ni mahali pa kuupatia. Soketi za ukutani huwavuta watu pembezoni na kuiacha katikati ya ukumbi tupu, kisha anatokea mtu na waya wa ekstensheni uliotandazwa njiani, na meza iliyonunuliwa kwa sababu inahama inafungwa kamba na waya huo. Soketi za sakafuni ndizo zinazopendekezwa katika miradi ya Ulaya, lakini hapa sakafu hupigwa deki kwa maji na sabuni kila alfajiri, na visanduku vya sakafuni visivyo na mifuniko thabiti ya kuzuia maji huanza kuleta hitilafu mapema. Njia inayostahimili zaidi ni kuzishusha nyaya kwenye nguzo na kwenye kuta fupi za kiunoni, na kuzipanga nguzo zenyewe ili meza yoyote iwe karibu na mojawapo. Huu nao ni uamuzi wa siku za michoro ya kwanza.

Yote haya yakikamilika, bado kuna ofisi moja inayoweza kuufanya ukumbi usibadilike kamwe, nayo ni ofisi ya ratiba. Ukumbi wetu wa mita za mraba 150, meza zikiwa safu, huingiza watu kati ya 110 na 120 kwa kubanana. Meza zikikusanywa kwa ajili ya makundi, hesabu hushuka. Chukua mfano wa madarasa yaliyobuniwa na Robert Beichner na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kwa ajili ya fizikia ya mwaka wa kwanza, ambako wanafunzi tisa, katika vikundi vitatu vya watu watatu, huzunguka meza ya duara yenye kipenyo cha futi saba, yaani kama mita 2.1. Ukiongeza viti na njia ya mwalimu ya kupita nyuma yao, kila meza hula karibu mita za mraba 16, na ukumbi wetu, ukiacha nafasi ya milango na ya mbele, utatosha meza nane, watu 72. Sasa ofisi ya ratiba ikiuandika ukumbi huo katika mfumo wake kuwa wa watu 120, itaupangia somo la watu 118, na mhadhiri aliyekusudia kazi za makundi atakuta hana hata pa kusogezea kiti. Ukumbi unaobadilika unahitaji kuandikwa kwa namba mbili au tatu, moja kwa kila mpangilio, pamoja na dakika za kuubadilisha kati ya kipindi na kipindi. Naliona hili kuwa jambo rahisi kuliko yote yaliyotajwa hapa, na halihitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Jambo jingine la kutazama kwenye madarasa ya Beichner ni kwamba hayabadiliki. Meza zake ni kubwa, zina nyaya, na zimekaa palepale kwa kazi moja inayofanywa vizuri. Hapo ndipo njia ya pili ya kuutafuta unyumbufu inapoonekana, nayo ni kuwapa watu mahali pa aina nyingi na kuwaacha wao ndio wahame. Jengo la kujifunzia la Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, Uskoti, lililofunguliwa mwaka 2006 kwa jina la Saltire, lilipangwa kwa mtindo huo: ghorofa ya chini ina mkahawa, dawati la huduma na kelele za soko, na kadiri unavyopanda ndivyo utulivu unavyoongezeka, hadi juu ambako watu husoma kimya. Mwanafunzi hubadilisha mazingira yake kwa kupanda ngazi, wala hahitaji kusukuma chochote. Rolex Learning Center ya Lausanne, Uswisi, iliyosanifiwa na kampuni ya usanifu majengo ya SANAA ya Japani na kufunguliwa mwaka 2010, ilikwenda mbali zaidi. Ni ukumbi mmoja mpana wa mita 166 kwa 121, usio na kuta za kugawa sehemu kubwa ya nafasi yake, ambamo sakafu yenyewe hupanda na kushuka kama vilima, na kilima ndicho kinachotenga wasomaji na wazungumzaji. Ni jengo la kuvutia mno, ila mteremko haukai meza, na ilibidi ziwekwe lifti za mshazari kwa ajili ya wasioweza kuupanda. Uhuru wa macho umelipiwa kwa mita za mraba ambazo mtu hupita tu au hujilaza. Chuo chenye msongamano wa wanafunzi hakiwezi kumudu bei hiyo.

Vyuo vyetu vina mfano wa karibu zaidi ambao wasanifu hawaupi uzito unaoustahili. Kimbweta ni meza ya zege yenye mabenchi ya zege, kimechimbiwa ardhini chini ya mti au kando ya jengo, na hakijasogea hata sentimita moja tangu kimwagwe. Hata hivyo, ukipita chuoni wiki ya kuelekea mitihani utakuta kimbweta kilekile kina diskasheni ya watu sita asubuhi, mtu mmoja na vitabu vyake mchana, chakula saa saba, na kikao cha viongozi wa darasa jioni. Kinafaa kwa sababu kila kilichokizunguka kimekaa sawa: kivuli kipo, upepo unapita, hakuna dari la kurudisha sauti, jirani yuko mbali kiasi, na hakuna mtu wa kuwaambia wanafunzi wanyamaze au wahame. Kinapungukiwa na umeme, taa na kinga ya mvua. Ningekuwa na sauti katika kamati ya ujenzi, ningeomba sehemu ya fedha za meza za magurudumu ijenge baraza pana lenye paa, feni na soketi kwenye nguzo, likizunguka kituo chote, kisha vimbweta vipangwe humo. Ndani ya jengo zingebaki kazi zinazohitaji ukuta kweli: mihadhara, mitihani, kurekodi masomo na kusoma kimya.

Linabaki suala la nani anayehamisha. Mpangilio mmoja unatakiwa uwe wa kawaida, uchorwe, ubandikwe ukutani karibu na mlango, na kila anayeubadilisha aurudishe, ama chuo kimlipe mhudumu wa kuurudisha. Stoo ya viti na meza zisizotumika inatakiwa iwe kwenye ghorofa ileile na mlango wake utoshe kupitisha meza bila kuilaza ubavu, vinginevyo samani za ziada zitarundikwa kwenye korido, na siku ya moto korido hiyo ndiyo njia ya watu. Sehemu ya bajeti ya samani pia inafaa izuiliwe hadi mwisho wa mwaka wa kwanza, ili manunuzi ya pili yafuate jinsi watu wanavyokaa badala ya jinsi ilivyodhaniwa watakaa.

Michoro ya jengo lilivyojengwa hasa, si lilivyokusudiwa, inatakiwa ikabidhiwe ofisi ya milki, ikionyesha nyaya zinapopita, ukuta upi ni mwepesi na unaweza kuvunjwa, sakafu ipi inabeba rafu, na ni wapi reli nyingine ya kukunja inaweza kuning'inizwa siku za usoni. Kwa majengo ambayo zege lake limevutwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya sakafu, mchoro huo ni suala la usalama, kwa sababu fundi anayetoboa ili kupitisha bomba au kufunga mguu wa kigawanyo kipya, akiukata waya mmoja wa aina hiyo, huachia nguvu ya tani kadhaa kwa mara moja na kudhoofisha sakafu ambayo watu watakuwa wamekalia meza zao ghorofa ya juu.